Kibaya Changu

Miezi ya kipupwe, asubuhi ya Kisarawe ina baridi yake. Upepo hupanda mlima kutoka Pugu, ukapenya kwenye makuti na kumkuta mtu kitandani. Lakini Mwanahalima binti Kibwana hakuwa mtu wa kubembelezana na baridi. Jogoo akiwika, yeye yuko uani, moto umeshika, ukindu wa mikeka umelowekwa, na mdomo wake umeanza kazi.

"Swaumu! We Swaumu! Kibaya changu! Utalala mpaka jua likutie aibu?"

Swaumu akatoka, gauni la shule amelivaa tayari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, kisimani. Na mtungi wangu usiuvunje, maana mikono yako hiyo, mh!"

Swaumu hakuwahi kuvunja mtungi hata mmoja. Mtaa mzima ulijua hivyo, na mama mtu alijua zaidi. Lakini ndivyo alivyozoea kusema na mwanawe. Mtoto akipika, mama huuliza, "Chumvi yote hii ya nani?" Akifagia, ataambiwa, "Umefagia au umekuna mchanga?" Akija na habari njema kutoka shule, mama huizima kabla haijawaka.

Siku moja Swaumu alirudi shule mbio, jasho likimtoka. Alikuwa darasa la nne.

"Mama! Leo nimepata hesabu zote! Mwalimu Hilario kaniita mbele ya darasa!"

Mwanahalima hakuinua macho kutoka kwenye ukindu.

"Zote? Basi zilikuwa rahisi. Kichwa chako kile kile kama kifuu, kingepata wapi hesabu ngumu? Nenda kateke maji."

Swaumu akasimama kidogo. Kisha akauchukua mtungi akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuleta tena habari za shule nyumbani. Mama akaona mtoto ametulia, amekua, ana adabu. Akamshukuru Mungu kwa jambo ambalo lingemtoa machozi kama angelijua.

Sasa, msomaji, usimhukumu mapema. Mgeni angesikia maneno yale angesema mama huyu hampendi mtoto wake, na angekosea sana. Kipande cha samaki chenye mnofu kilikuwa cha Swaumu. Kanga mpya ikinunuliwa, mama huvaa iliyochakaa. Mapenzi yalikuwa tele nyumbani mle, ila Mwanahalima aliyaficha, tena kwa makusudi. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa na jina.

Kabla ya Swaumu alizaliwa Abeid. Alikuwa mtoto mnene, mcheshi, wa kupokewa mikono na mikono. Siku moja, harusini, mgeni mmoja alimnyanyua juu mbele ya watu akapaza sauti, "Jamani, njooni mwone mtoto! Tazameni mapaja! Sijaona mtoto mzuri kama huyu!" Hata mashallah hakusema. Baada ya siku chache Abeid alishikwa na homa. Homa haikushuka. Wakamzika.

Watu wakasema ni kijicho. Mwanahalima akaamini, na hapo kaburini akaweka nadhiri. Mungu akimpa mtoto mwingine, hatamsifu, wala hatamwachia mtu amsifu. Swaumu alipozaliwa mwezi wa mfungo, wanawake walikuja kumtazama. Mama akamfunika uso kwa kanga. "Kibaya tu," akasema. "Hakina lolote. Kibaya changu mwenyewe." Jina likabaki, na matusi madogo madogo yakalifuata. Mwanahalima aliamini kwamba anamjengea mwanawe ukuta.

Wakati ule bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea juu ya Boma. Shule zilikuwa chache, na za wasichana zilikuwa chache zaidi. Mtoto akimaliza darasa la nne, alifanya mtihani. Akifaulu, alikwenda darasa la tano kwenye shule ya kati. Akishindwa, safari yake ya kusoma iliishia pale pale. Hapakuwa na mlango wa pili.

Jirani yao alikuwa Laurentia, mke wa Mwalimu Hilario. Yeye na mumewe walitoka upande wa Matombo, kwenye milima ya Uluguru. Kabla ya kuolewa alikuwa amefundisha watoto wadogo kwenye shule ya misheni. Hapa Kisarawe aliwaona wanawake wakisuka mikeka, akatamani kujua. Akaja kwa Mwanahalima, maana kwa mikeka hapakuwa na mkono kama wake.

Kila alasiri Laurentia aliketi uani, miguu ameinyoosha, akihangaika na ukili. Ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu uliochanwa chane nyembamba. Husukwa kwanza, kisha tepe hizo hushonwa pamoja zikawa mkeka. Mkono wa Laurentia ulikuwa mzito kweli kweli. Ukili wake ulipinda kama njia ya mbuzi. Lakini Mwanahalima, yule yule mwenye maneno makali, alikuwa mwalimu mpole ajabu.

"Lete nione. Hapa umekaza vizuri, chane zimelala sawa. Hapa napo umekwenda vizuri. Haya, hapa je? Umeruka chane moja. Umeiona?"

"Nimeiona, dada."

"Basi fumua mpaka hapo ulipokosea. Usifumue wote, sehemu nyingine ni nzima. Rudia polepole."

Laurentia akafumua, akarudia. Ukili ukanyooka kidogo.

"Unaona? Umerudia mwenyewe na umenyooka," Mwanahalima akasema. "Kesho ukianza, anza na hicho kidole gumba, ndicho kinacholegea."

Laurentia akatabasamu. Kisha akauweka ukili pembeni, na uso wake ukabadilika.

"Dada, leo sikuja kwa ukindu tu. Mwalimu amenituma."

"Kuna nini? Swaumu kafanya utundu?"

"Laiti angekuwa mtundu. Dada, majina ya watoto wa mtihani yanapelekwa Bomani mwisho wa juma hili. Swaumu amemwomba mwalimu asimwandike."

"Asimwandike? Kwa nini?"

Laurentia akasita. Halafu akaona heri aseme.

"Alimwambia hivi: 'Mwalimu, usiniandike. Mimi sina akili. Mama yangu anasema, na mama ndiye anayenijua, ndiye aliyenizaa.'"

Mikono ya Mwanahalima ikasimama. Ukindu ukamteleza ukaanguka.  Kisha hasira zikampanda.

"Mimi? Nimewahi kumlaza mwanangu njaa, hata ionekane simpendi? Unajua wewe nilichozika? Unamjua Abeid?"

Akasimulia yote: harusi, mgeni, mapaja, homa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Laurentia alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, wala hakucheka imani yake.

"Pole, dada," akasema. "Pole sana. Mimi homa ile nadhani ilikuwa ya mbu, kama zile zinazotukamata kila masika. Lakini sikuwepo, sitabishana na uchungu wako. Nataka nikuulize moja tu. Mkono wangu huu ni mwepesi?"

"Hata! Ni mzito kama mchi."

"Ulipata kuniambia sina akili ya kusuka?"

"Ningekuambiaje hivyo? Ungetupa ukindu ukaenda zako, usingesuka mpaka..."

Mwanahalima akanyamaza katikati ya neno. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Laurentia hakumkimbiza. Akangoja kidogo, kisha akauliza tena.

"Na uliponiambia, 'Hapa umekaza vizuri,' ulinisifu mimi?"

"Wewe nikusifu kwa lipi? Niliusifu ukili."

Wote wawili wakacheka, mmoja na machozi yake.

"Ndiyo hivyo, dada. Usimsifu Swaumu uso wala umbo, kama hutaki. Isifu kazi ya mkono wake. Akifagia, mwambie pembe umezifikia. Akipata hesabu, mwambie umejitahidi nimeona. Mtoto anayesikia kila siku kuwa hawezi, ataacha kujaribu. Akiacha kujaribu, kweli hataweza. Hapo wewe utadhani ulisema kweli tangu mwanzo."

Mwanahalima akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Mwambie mwalimu amwandike mwanangu."

"Naye Swaumu?"

"Swaumu niachie mimi. Ulimi huu ndio ulioharibu, na huu huu ndio utakaotengeneza."

Jioni ile alimwita Swaumu jikoni. Hakuzunguka mbuyu.

"Nimesikia hutaki mtihani."

Swaumu akainama.

"Mimi sikukuita huna akili kwa kuwa huna," mama akasema. "Nilisema kwa hofu, na jina la Kibaya nikakupa kwa hofu hiyo hiyo. Nilimzika kaka yako baada ya kusifiwa, nikaogopa nisikuzike na wewe. Hofu yangu si akili yako. Umenielewa? Jina lako litaandikwa. Utajaribu. Ukishindwa, utashindwa ukiwa umejaribu, na hapa ni kwenu vile vile."

Swaumu alimtazama mama yake muda mrefu, mpaka uji ukaanza kuungua.

"Nitajaribu, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Lakini kuvunja mazoea si kuvunja kijiti. Asubuhi iliyofuata Mwanahalima aliamka na ari mpya, tena akaipitiliza. Swaumu akaleta maji, mama akasema, "Vizuri sana!" Akapepeta mchele, "Vizuri sana!" Akaunguza maharage mpaka moshi ukajaa uani, "Vizuri sana, mwanangu, vizuri sana!"

Swaumu akaweka mwiko chini.

"Mama, unaumwa?"

Na mama hakuwa peke yake. Baba yake Swaumu, Zahoro, alikuwa mkulima wa mihogo na machungwa. Alikuwa mtu wa watu, mwenye kifua kipana na mdomo usio na kufuli. Aliposikia kutoka kwa Mwalimu Hilario kwamba binti yake ni hodari wa hesabu, nafsi ilimpanda. Akaenda barazani kwa Mwinyimadi, panapouzwa kahawa, akaagiza kikombe na kutangaza.

"Mtihani huo mnaousikia? Kashapita! Binti yangu ana akili kuwashinda watoto wote wa Kisarawe, na wa makarani wakiwemo. Akili ya kuzaliwa. Hashindwi huyo!"

Wanaume wakacheka, wakampigia makofi. Ikawa Swaumu akipita barazani kutoka shule, wanamwita, "Bibi Karani! Habari za mtihani?" Naye huinamisha kichwa na kuongeza mwendo.

Nyumbani baba naye humwambia, "Wewe hushindwi. Umesikia? Damu yetu haishindwi."

Ukafika wakati wa jaribio, mtihani mdogo wa kujipima kabla ya ule mkubwa. Swaumu alirudi mchana, akasema tumbo linamuuma, akaingia ndani kulala. Alasiri Mwalimu Hilario alipita mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama Swaumu, sielewi. Hesabu rahisi amezifanya zote, safi. Zile ngumu hakuzigusa. Hakukosea, hapana. Hakuandika hata namba moja. Na darasani alikuwa akizijaribu."

Mwanahalima akaingia ndani. Swaumu alikuwa amejifunika gubigubi.

"Tumbo linauma kweli?"

Sauti ikatoka chini ya shuka. "Haliumi, mama."

"Basi nini?"

"Mama, baba kasema sishindwi. Watu wote barazani wanajua sishindwi. Nikiandika nikakosa, baba atachekwa. Nisipoandika, hakuna atakayejua kama naweza au siwezi."

Mwanahalima akaketi ukingoni mwa kitanda.  Maneno makali yalimnyamazisha mtoto, alilijua hilo sasa. Lakini maneno matamu nayo yamemnyamazisha! Basi mzazi aseme nini? Alitamani amkimbilie Laurentia kumwuliza. Kisha akakumbuka uani kwake, akakumbuka ukili. Ukiulegeza, unafumuka. Ukiukaza mno, unapinda na kukunjamana. Hakuna aliyemfundisha hayo kwa maneno, vidole vyake ndivyo vilivyojua. Na Laurentia mwenye mkono mzito hakunyooka kwa kuambiwa ana akili ya kuzaliwa. Alinyooka kwa kuonyeshwa palipo pema, na kufumua palipokosewa.

Akasimama.

"Amka. Lete hiyo hesabu ngumu."

"Mama, wewe hujui kusoma."

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza. Njoo nje unionyeshe palipokuwa pagumu."

Wakaketi uani. Swaumu akasoma: "Mkulima amepanda mihogo robo tatu ya shamba lake. Nusu ya sehemu iliyobaki amepanda machungwa. Machungwa ni sehemu gani ya shamba lote?"

"Kumbe ni shamba la baba yako," Mwanahalima akasema. "Haya, nichoree."

Swaumu akachukua kijiti, akachora shamba mchangani, akaligawa mafungu manne.

"Hapa mihogo, na hapa, na hapa. Sasa nachukua nusu ya mihogo..." Akasimama. Akairudia hesabu midomo ikimchezacheza. "Aa! Si nusu ya mihogo, mama! Ni nusu ya iliyobaki. Imebaki robo moja tu. Kila siku hapa ndipo ninapopotea!"

"Basi fumua mpaka hapo. Usifute shamba zima, mihogo yako imekaa sawa."

Swaumu akafuta mstari mmoja kwa kiganja. Akaligawa fungu la mwisho katikati, kisha akagawa na mengine yote vivyo hivyo, akahesabu.

"Moja ya nane! Machungwa ni sehemu moja ya nane!"

Ulimi wa Mwanahalima ulitaka kusema, "Basi ilikuwa rahisi." Akauuma. Ukataka kusema, "Huna mfano wako duniani." Akauuma tena.

"Umepaona mwenyewe ulipokosea," akasema polepole. "Hukukimbia, umerudia, ikakubali. Nimeiona kazi yako."

Swaumu hakuuliza kama mama anaumwa. Alicheka, meno yote nje, akafuta mchanga.

"Nifanye nyingine?"

Jioni hiyo ikawa zamu ya Zahoro. Mkewe alimwekea chakula, akangoja ale, maana mwanamume mwenye njaa hasikii.

"Baba Swaumu, mtoto si jogoo wa kupelekwa uwanjani."

"Nimefanya nini tena, mama?"

Akamweleza. Zahoro alianza kwa kubisha. "Nimemsifu mwanangu! Ni dhambi?" Aliposikia maneno ya mtoto, kwamba anaogopa baba atachekwa, akaacha kubisha. Alinawa mikono mara ya pili, na ilikuwa safi tayari.

"Mimi nilidhani nampa nguvu," akasema.

"Umempa mzigo. Hata mimi nilimpa wangu. Tumpunguzie."

"Sasa nikiulizwa barazani nisemeje?"

"Sema anachofanya. Usiseme alivyo."

Kwa Zahoro lilikuwa jambo zito, mtu aliyezoea kujisifia hata kikohozi chake. Lakini kesho yake, Mwinyimadi alipomwuliza kwa mzaha, "Bibi Karani vipi, kashapita?" alimeza mate akajibu, "Anasoma. Zile hesabu za mafungu zinamsumbua. Jana kaifumua moja mara tatu, ya nne ikakubali."

"Mara tatu kakosa?" mmoja akacheka.

"Mara tatu karudia," Zahoro akasema. "Wewe ulirudia nini maishani mwako, zaidi ya kahawa?"

Baraza zima likaangua kicheko, safari hii bila kumgusa Swaumu.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Kila alasiri Laurentia anasuka, Mwanahalima anasuka, na Swaumu kati yao na kijiti chake. "Nionyeshe palipokuwa pagumu," mama husema. Mtoto huonyesha. Siku nyingine hesabu hukubali. Siku nyingine hugoma, Swaumu akalia kwa hasira, akafuta, akarudia. Mwanahalima alikuwa akiteleza bado. Siku moja alimwita "kichwa kifuu" kwa mazoea. Akajishika mdomo, akamwambia mwanawe papo hapo, "Hilo limetoka lenyewe, silitaki." Ulimi mzee haukunjuki kwa siku moja, lakini hakuuachia.

Siku ya mtihani, Swaumu aliondoka kabla ya jogoo kuwika. Baba alitaka kusema, "Hushindwi!" Mke akamtazama. Akasema, "Ukikwama, fumua, urudie."

"Ndiyo, baba."

Alirudi jioni, amechoka, wino vidoleni.

"Iligoma moja," akamwambia mama yake. "Nikaifumua. Ikagoma tena. Nikaiandika mpaka pale nilipofika."

"Hukuiacha wazi?"

"Sikuacha wazi hata moja."

Mwanahalima akamtengea maji ya moto ya kuoga. Moyoni alijua kwamba matokeo yakija vyovyote vile, jambo hilo mwanawe ameshalipata, na hakuna atakayemnyang'anya.

Matokeo yalikuja wakati wa machungwa. Mwalimu Hilario aliwaita wazazi, akasimama mbele ya shule akasoma majina. Wasichana waliochaguliwa walikuwa wawili tu. Wa pili alikuwa Swaumu binti Zahoro. Angekwenda shule ya kati ya wasichana, ya kulala huko huko, barabara ya Morogoro, mbele kidogo ya Visiga. Zahoro alisikia "kulala huko" akakunja uso. Kisha akakumbuka kwamba Biubwa, dada wa mkewe, ameolewa Visiga, atamwangalia mtoto. Akakunjua.

Vigelegele vikapanda. Hapo mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa akamshika Swaumu mabega, akamgeuza mbele ya watu.

"Jamani, mtazameni mtoto huyu! Sijaona mtoto mwenye akili kama huyu!"

Mwanahalima akaikumbuka siku ile ya harusi. Mkono wake ukashika upindo wa kanga, tayari kumfunika mwanawe uso. Maneno nayo yalikuwa tayari: Kibaya tu, hakina lolote. Watu wakamgeukia. Na Swaumu akamgeukia, macho makavu, akingoja.

Mama akaiachia kanga.

"Mashallah," akasema. Akarudia kwa nguvu, shule nzima isikie. "Mashallah. Mwanangu amefanya kazi. Alikosea, akafumua, akarudia. Nilikuwa nimeketi naye, nimeona kwa macho yangu."

Swaumu alikuja akamkumbatia kiunoni. Laurentia, nyuma ya umati, alipenga kamasi kwa leso bila haya.

Tangu hapo wanawake wa mtaa walianza kumwuliza Mwanahalima dawa aliyompa mtoto. Aliwaambia hana dawa. "Muulize palipokuwa pagumu," husema. "Kisha nyamaza, umsikilize. Akipavuka, mwambie umeona. Husemi uongo, na humpi mzigo. Na kusoma si lazima ujue, mimi nilikuwa sijui." Mwezi uliofuata Laurentia alianza kumfundisha herufi, pale pale uani. Mwanafunzi akawa mwalimu. Na Mwanahalima alipokosea herufi yake ya kwanza, alimtazama Laurentia kwa hofu kama mtoto, akingoja atakaloambiwa. Ndipo alipojua kwa hakika alivyokuwa akimfanyia mwanawe.

Siku ya safari, lori lilisimama karibu na Boma likiunguruma. Swaumu alikuwa na sanduku la bati na mkeka mpya kwapani. Ukili mmoja wa mkeka ule aliusuka mwenyewe, na ulipinda kidogo, mama akakataa kuuondoa. Zahoro alimsaidia kupanda, akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Swaumu akainama kutoka juu ya lori.

"Mama! Leo hujaniita."

"Nimekuita tangu alfajiri, Swaumu, Swaumu, mpaka nimekauka koo!"

"Si hilo. Lile letu."

Mwanahalima akasogea karibu na lori.

"Lile silisemi tena, mwanangu. Si lilikuumiza?"

"Liliniumiza nilipokuwa silijui maana yake," Swaumu akasema. "Sasa nalijua. Niite, mama, lori linaondoka."

Dereva akapiga honi. Mwanahalima alikimbia kando ya lori, kanga ikimtoka kichwani, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Kibaya changu!" akaita. "Haya nenda, kibaya changu! Ukikwama, fumua!"

"Nirudie!" sauti ikajibu kutoka juu ya lori.